Kengele za Mashine ya Mzee Kituyi

Mashine ilizima tena, na kama kawaida Mama Kavetsa, mjane aliyeuza maandazi sokoni, ndiye aliyekuwa wa kwanza kulalamika.

"Mzee Kituyi, huyu fundi wako ni bure kabisa! Kila Jumamosi ni hivi?"

Mzee Kituyi, mwenye mashine hiyo ya kusaga mahindi kando ya barabara ya Soy, alikuwa amefiwa na mke na hakuzoea kugombezwa. Akaomba msamaha, akamletea kiti, akamkalisha karibu na mizani. Wakaongea habari za mvua, huku Kipyego, yule fundi, akipekua injini. Hakuona kasoro. Akaizungusha, ikawaka mara moja, kana kwamba ilikuwa ikimcheka.

Jioni Mzee alimwita. "Wateja wamechoka, Kipyego. Ikizima tena, nitatafuta fundi mwingine."

Kipyego alikuwa ameacha kukamua ng'ombe wa Mzungu ili ajifunze injini hiyo. Kurudi kwenye ndoo? Afadhali afe.

Akatafuta kengele za ng'ombe, kila moja na sauti yake, akazifunga kila mahali: kwenye jiwe la kusagia, kwenye mkanda, kwenye chekecheo, hata kwenye koki ya kufungia dizeli, ambayo haiguswi injini ikiwaka. Kamba moja ilizishika zote. Akiivuta, kimya. Akiilegeza, kila kinachosogea kinajitangaza.

"Hapa ni kanisa?" Mzee akauliza, lakini akamwacha.

Jumamosi ilipofika, Kipyego akailegeza kamba. Kelele hizo! Akina mama kwenye foleni wakacheka, mmoja akaanza kucheza na debe lake kichwani. Mama Kavetsa akaziba masikio, akatoka nje kupunga hewa.

Punde, katikati ya makelele, Kipyego akasikia kengele ambayo haikutakiwa kulia kamwe: ile ndogo ya koki. Injini ikakohoa, ikafa.

Safari hii hakupekua chochote. Alizunguka mbio hadi kibanda cha injini nyuma ya mashine, spana mkononi, tayari kumshika adui yake.

Mama Kavetsa alikuwa ameinama pale, akiifungua koki tena, polepole.

"Punguza sauti, mwanangu," akanong'ona. "Wiki jana Mzee alikuwa karibu kuniposa, nawe ukawahi kuwasha mashine."