Kicheche na Mwendo wa Bondeni

Hapo kale Tausi, mkuu wa chuo cha mlimani, na Kiboko, mwalimu wa bondeni, walipatana: anayeanza masomo kwa Kiboko, amalizie kwa Tausi. Kicheche akasoma miaka miwili bondeni, akapanda mlima.

"Masomo ya bondeni hatuyatambui," Tausi akamwambia. "Anza mwaka wa kwanza."

Kicheche akameza hasira, akaanza. Kwao walishamwonya: ukichelewa kumaliza, urudi ulime.

Siku ya karamu ya ushirikiano, wanafunzi wa mwaka wa kwanza ndio waliowekwa langoni kupokea wageni. Kiboko akafika akihema, jasho likimtiririka.

"Shikamoo, Mwalimu. Umetokea wapi?" Kicheche akamuuliza.

"Marahaba, mwanangu. Bondeni."

"Basi pole. Mwendo wa bondeni hapa hatuutambui. Shuka, uanze upya."

Tausi akaja mbio. "We Kicheche! Huyu si mshirika wetu?"

"Na mimi alinifundisha nani, mkuu? Si huyuhuyu?"

Kiboko akaelewa. Akaketi palepale, akaliziba lango lote. "Sishuki, na pilau yako hailiki, mpaka mtoto huyu apewe miaka yake."

Hata kabla pilau haijapoa, Kicheche alikuwa mwaka wa tatu.

Hekaya imefika kileleni. Asiyeitambua, ashuke aanze upya.