Maharage ya Njano

Mahindi yalilia kama manyanga. Mchele ukanong'ona tu. Batuli akajaribu maharage ya njano, akafunga kopo la dawa na kulitikisa karibu na sikio. Hapo sawa! Hata mfamasia angeapa kwamba humo mna vidonge.

Vidonge vyenyewe alishavirudisha kliniki, akaviweka mezani mbele ya nesi. Nesi hakumgombeza. Alimshika mkono tu.

Simu ikaita. Filemoni huyo, kutoka Mlandege, Iringa.

Filemoni na Kamanda walikutanishwa kwenye kambi ya vijana wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Makubaliano: kila jioni wapigiane simu, watikise makopo, wameze pamoja. Filemoni aliwahi kuacha dawa, wenzake shuleni walipomcheka, akakonda mpaka ikawa shati ndilo linalomvaa yeye. Aliporudi kwenye dawa alitoa sharti moja: "Kamanda akimeza, nameza. Akiacha, naacha."

Batuli akakohoa, akaipandisha sauti kidogo, puani.

"Wewe mvivu wa Mlandege! Umeshakula?"

"Nimekula, Kamanda. Shangazi kapika ugali mgumu huo, ukimrushia mbwa anakimbilia Dodoma."

"Tikisa."

Kopo la Iringa likalia. La Mbeya likajibu.

"Mbona sauti yako siku hizi nzito, kama ya mama mwenye nyumba?"

"Mafua, bwana. Baridi ya huku Soweto ya Mbeya unaisikia tu. Jana kuku wetu kataga barafu."

Filemoni akacheka mpaka akapaliwa. Nje, bodaboda ikapita ikipiga honi. Batuli, kama kila mara tangu ile ajali, akafumba macho mpaka mlio uishe.

"Kamanda, unameza kweli? Usinifiche. Mimi leo nilishakishika kidonge nikitupe chooni. Nimechoka."

Batuli akalitikisa kopo tena, maharage yakalia.

"Umesikia hilo?" akasema. "Nakusubiri wewe. Tia mdomoni. Pamoja."

Akachukua harage moja, bichi, akalimeza na maji. Lilikwaruza koo njia nzima. Angalau kumeza kusiwe kwa uongo.

"Tayari," akasema.

Maji yakasikika yakishuka koo la mtu kule Iringa.

"Na mimi tayari. Kamanda, likizo nakuja Mbeya. Nataka nikuone."

"Fika likizo hujaruka hata siku moja, ndipo uje."

"Ahadi?"

"Kesho jioni, Filemoni. Usichelewe."

Simu ikakatika. Batuli akajifuta uso kwa ncha ya khanga. Akaingia chumba cha pili, akalirudisha kopo mahali pake, juu ya kitanda cha binti yake, Kamanda, ambacho godoro lake lilikunjwa siku waliyomsomea arobaini.