Lambalamba za Hitima

Siku hizi mtu akitimiza miaka thelathini, sheria humkata tumbo likabaki dogo kama yai. Ndiyo maana Bi Nunuu, kwa hitima ya mumewe, aligandisha lambalamba za mtindi na ukwaju, bila sukari isije ikawatapisha watu. Sufuria la pilau lilikuwa uani, kuku wanatagia humo.

Waombolezaji walilamba nusunusu, wakaegemea ukuta.

"Wifi, umetulisha," alisema Mwanahawa, dada wa marehemu.

Bi Nunuu alimbetulia midomo. Marehemu, kabla ya kisu, alikuwa akimaliza sinia peke yake. Hawa wanashibishwa na kijiti, na bado wanajiita watu.

Walipoondoka alichukua lambalamba yake, akaapa kuimaliza kwa heshima ya mumewe. Alilamba mara tatu, akacheua. Iliyobaki akawatupia kuku, wakaigombania hadi kijiti.