Dawa ya Kakakuona

Mganga Kakakuona alitengeneza dawa mpya ya upele, akampaka Fisi kwanza. Majibu yangejulikana Ijumaa. Kuchakulo alikuwa ameshachangia nusu ya karanga zake, kwa ahadi ya kurudishiwa maradufu dawa ikiponya. Nusu iliyobaki ilikuwa chakula cha wanawe, lakini tamaa ilimtuma aibebe nayo hadi mlangoni kwa mganga.

"Toa zote, dada!" Nguchiro akamhimiza huku akijikuna. "Dawa hii nina imani nayo kabisa."

"Mbona wewe hujajipaka, kaka?"

"Aa, mimi nangoja majibu ya Fisi."

Kuchakulo akacheka, akarudi na karanga zake. Ijumaa Fisi alitokea kavimba mwili mzima. Wanawe Kuchakulo walikula wakashiba, naye akasali: "Ee Mungu, tamaa ilikuwa yangu. Asante kwa upele wa Nguchiro."