Chini ya Kunjo

Kila mwaka, siku ya kumkumbuka marehemu Kipanga Mrisho, mtetezi wa haki za wanyonge, karani wa mji alisoma pale sokoni hotuba aliyoiacha marehemu. Mwaka huu sauti ilimkauka, akamkabidhi karatasi, iliyokunjwa sehemu yake ya chini, Bi Tunu, muuza mihogo aliyehitimu kisomo cha watu wazima.

"Ishia kwenye kunjo, mama," alimnong'oneza. "Hata baba yangu, alipokuwa karani, aliishia hapo."

Bi Tunu alipanda jukwaani, akasoma polepole, kidole kikitangulia macho. Wachuuzi wenzake waliijua hotuba kwa ghibu, midomo yao ikimfuata kama watu walio katika uradi. Lakini yeye hakutulia. Upepo ulikuwa umeliinua kunjo kidogo, na chini yake aliona maneno ambayo hakuwahi kuyasikia: "Mwenye kuuza sokoni asiondolewe pasipo kuulizwa." Kwenye nguzo nyuma yake ilibandikwa ilani ya kuwataka wachuuzi wote wahame kabla ya Ijumaa.

Alipofika kwenye mstari wa mwisho uliozoeleka, watu walipiga makofi, wakaanza kukung'uta nguo zao waondoke.

"Shuka basi, mwalimu," shoga yake Mashavu alimtania. "Mihogo yako inaungua."

Karani alinyoosha mkono apokee karatasi. Bi Tunu aliivuta karatasi kwake.

"Iache iungue," alisema.

Akapenyeza kidole gumba chini ya kunjo. Karatasi, iliyolala hivyo miaka na miaka, ilikataa kunyooka. Akaikandamiza kifuani, akailainisha kwa kiganja, na makofi yakafifia moja baada ya jingine.