Ukungu kwenye sura ya Gradi

Dorcelle wa mtaa wa Katuba alinielezea haya wiki ya Pasaka, tukichambua mboga za lengalenga mlangoni kwangu.

Picha ilitoka mbaya kwa mara ya nne. Shati lilionekana kifungo kwa kifungo, lakini sura ya Gradi ilikuwa ukungu mtupu.

Gradi, kaka yake Dorcelle, alikuwa dereva wa mfanyabiashara mmoja wa Butembo. Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi, alikuwa mjini humo na lori. Tangu hapo simu kimya. Miezi miwili ilipopita, baba yake mdogo, Antoine, akakata shauri: kilio kifanyike bila maiti. Ila kwao kilio hakianzi kama picha kubwa ya marehemu haijasimama sebuleni, na ya Gradi ilibaki moja tu, ndogo kama kiberiti. Ndiyo maana Dorcelle, Antoine na Mama Mado, mama mzazi wa Gradi, walikuwa kwa Jérémie, mwenye kompyuta na skana, tangu asubuhi.

"Linux yako iko bure, lakini inatukula siku muzima!" Antoine alimchokoza kuhusu mfumo wa kompyuta yake.

"Papa Antoine, si Linux. Ngoja."

Jérémie akaongeza nukta za picha kwa kila inchi, kutoka sabini na tano mpaka mia sita. Akaondoa rangi, akaweka kijivu. Akafuta programu ya skana, akaiweka upya. Akasafisha kioo kwa spiriti mpaka kikang'aa.

Mama Mado akasogea. "Acha. Mutoto wangu hatalazwa kifudifudi na mukono ya mwingine."

Akapangusa kioo polepole kwa pembe ya kitenge chake, pale sura ingelala, kama alivyofanya kila mara, akailaza picha mwenyewe.

Ukungu ukarudi.

"Fanya tena, baba," akamwambia Jérémie, machozi yakimtoka. "Bila picha, kilio kitaanza namna gani?"

Mara ya sita Jérémie alizima mashine. "Imechoka. Murudi kesho."

Antoine akatoka akinung'unika, kwenda kuwaambia wazee wangoje.

Nyumbani, jua likiwa bado juu, Mama Mado alijitupa kwenye mkeka, akalala bila kugusa bukari, ugali wetu. Dorcelle akamfungua kitenge ili akifue. Pembe moja ilikuwa inateleza. Akainusa: mafuta ya kukarangia mikate, na siku hiyo hakuna aliyekaranga.

Akakumbuka kioo cha skana. Kisha akaenda jikoni, akarudi na chupa, akadondosha matone mengine mawili palepale, ya kesho. Akakikunja kitenge, akakiweka karibu na mkono wa mama yake, naye akalala ubavuni mwake.