Mnara wa Kanisa

Nilikuwa bado nimeushika mnara wa kanisa la maboksi, gundi haijakauka, mama yake Shahad alipomwambia, "Andika jina lako chini ya kijiji, ukipeleke shule."

Shahad alinitazama. "Lakini dada ndiye aliyekijenga kijiji chote. Mimi nilimsomea historia ya kijiji tu."

"Huyu mfanyakazi? Hata darasa la tano hakumaliza. Mwalimu wako atacheka."

Daraja la mawe, kisima, kanisa la miaka mia saba. Kijiji kizima cha Uingereza nilikikata kwa maboksi ya machungwa ya soko la matunda la Mawaleh, mpaka vidole vikachubuka.

Shahad akaandika jina lake.

Niliutia mnara mfukoni mwa aproni.

"Mbona kanisa halina mnara?" mama yake aliniuliza.

Miaka miwili ya kazi nyumbani kwake nilimjibu kwa kuinamisha kichwa. Safari hii nilimtazama.

"Muulize mwenye jina, mama."